Mwisho Ulioandikwa Mara Mbili: Beethoven na Kwateti ya Opus 130

Utangulizi

Katika kwaya ninayoimba hapa chuoni kuna jambo linalozua mabishano karibu kila tunapojifunza wimbo mpya. Mtunzi analeta nota, tunafanya mazoezi, tunakariri, kisha baada ya wiki mbili mtunzi yuleyule anarudi na karatasi nyingine na kutuambia ile ya kwanza tuiweke kando. Wapo wenzetu wanaokasirika. Wanasema wimbo ukishatolewa umeshatolewa, kama neno lililotoka kinywani. Wengine husema wimbo ni mali ya aliyeutunga, na ana haki ya kuubadilisha mpaka siku ya kufa kwake.

Mabishano hayo ndiyo yaliyonifanya nichague mada hii. Katika insha hii nitaeleza tukio moja linalojulikana sana katika historia ya muziki wa Ulaya. Mwaka 1826, mjini Vienna, Ludwig van Beethoven alikubali kuiondoa sehemu ya mwisho ya kwateti yake, Opus 130, na kuandika nyingine mahali pake. Kwateti hiyo ilikuwa imeshakamilika, imeshapigwa mbele ya watu, na imeshauzwa kwa mchapishaji. Kwa nini mtu aliyejulikana kwa ukaidi alikubali? Je, alishinikizwa na fedha, au aliona mwenyewe kwamba kazi yake ilihitaji kurekebishwa? Nitajaribu kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hatuwezi kuyapima vizuri bila kwanza kutazama namna Beethoven alivyozoea kumaliza kazi zake.

Nianze kwa kueleza maneno. Kwateti ni kundi la wapigaji wanne, na pia ni jina la utungo ulioandikwa kwa ajili yao. Kwateti ya nyuzi huwa na fidla mbili, viola moja na selo moja. Ni muziki wa chumba. Hauna kondakta, na hauna ngoma wala tarumbeta za kuficha makosa. Kila mpigaji ana njia yake peke yake, na akikosea husikika. Kwa sababu hiyo watunzi wengi wa Ulaya waliiona kwateti kuwa mtihani mgumu kuliko simfoni.

Aina hii ya muziki si ngeni kabisa kwetu. Mtunzi wa Uganda, Justinian Tamusuza, aliandika kwateti ya nyuzi yenye misingi ya muziki wa Kiganda, na sehemu yake iitwayo Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza, ilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa iliyotoka mwaka 1992. Kwa hivyo ninapoandika juu ya fidla mbili, viola na selo, siandiki juu ya kitu ambacho mwanafunzi wa Afrika Mashariki hana haki ya kukizungumzia.

Mteja kutoka Urusi

Habari hii inaanza na barua. Mwezi Novemba 1822 mwanamfalme Nikolai Galitzin, aliyekuwa akipiga selo, alimwandikia Beethoven kutoka St. Petersburg akimwomba amtungie kwateti moja, mbili au tatu, kwa malipo atakayoyataja mwenyewe. Mwanzoni mwa 1823 Beethoven alikubali, na bei ikawa dukati 50 kwa kila kwateti.

Wakati huo Beethoven alikuwa hajaandika kwateti kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa na kazi nyingine kubwa mezani, ikiwemo Simfoni ya Tisa, na kazi ya Galitzin ilisubiri. Kwateti ya kwanza kati ya hizo tatu, Opus 127, ilikamilika mapema mwaka 1825. Ya pili, ambayo leo ina namba 132, ilifuata kiangazi cha mwaka huohuo, baada ya Beethoven kuugua sana. Ya tatu ndiyo Opus 130, iliyokamilika kabla ya mwaka 1825 kwisha. Kwa kuwa namba zilitolewa kwa kufuata mambo ya uchapishaji, hazilingani na mpangilio wa kuandikwa. Galitzin naye hakuwa mlipaji mzuri. Beethoven alifariki kabla hajalipwa deni lote.

Ni lazima pia tukumbuke hali ya mtunzi mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1770, na kufikia 1818 masikio yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba wageni walimwandikia maneno yao katika madaftari, naye akawajibu kwa mdomo. Madaftari mengi ya mazungumzo hayo yamehifadhiwa. Kwa hiyo mtu tunayemzungumzia hakuweza kuisikia kwateti yake hata mara moja. Alichosahihisha alikisahihisha kwa akili na kwa macho.

Kumaliza si siku moja

Watu wengi hufikiri kwamba mtunzi humaliza kazi siku anapoandika nota ya mwisho. Kwa Beethoven haikuwa hivyo. Nimeona hatua nne ambazo kazi ilipitia, na katika kila hatua alikuwa tayari kubadilisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa rasimu. Beethoven alikuwa na madaftari makubwa ya mezani na madogo ya mfukoni ambayo alitembea nayo mashambani. Kwa kwateti zake za mwisho aliongeza aina nyingine ya rasimu iliyokuwa na mistari yote minne, ili aone sauti nne zikienda pamoja. Kwa Opus 131 peke yake kurasa za rasimu zilizobaki ni mamia. Katika hatua hii hata sehemu nzima iliweza kuhama. Sehemu ya nne ya Opus 130, ile yenye mwendo wa dansi ya Kijerumani, ilikusudiwa kwanza kwa Opus 132. Beethoven aliitoa huko, akaibadilisha ufunguo, akaipeleka katika kwateti iliyofuata. Mtu anayehamisha chumba kutoka nyumba moja hadi nyingine hawezi kusemwa kwamba aliamini kila tofali limewekwa na Mungu.

Hatua ya pili ilikuwa kunakili. Mwandiko wa Beethoven ulikuwa mgumu kusomeka, hivyo wanakili walihitajika kutengeneza nakala safi na karatasi za kila mpigaji. Makosa yalikuwa mengi. Mwezi Agosti 1825 alimwandikia rafiki yake Karl Holz, mpigaji wa fidla ya pili, kwamba alikuwa ametumia alasiri ya jana yake na asubuhi nzima ya siku hiyo kusahihisha sehemu mbili tu za kwateti, mpaka sauti ikamkauka kwa kulaani. Alitaka mnakili aelewe kwamba nukta juu ya nota si sawa na kistari juu ya nota. Kwa msomaji wa kawaida huo ni udogo. Kwa mpigaji wa fidla ni tofauti kati ya kugusa na kukata.

Hatua ya tatu ilikuwa mazoezi na maonyesho. Hapa kuna kisa ambacho kwangu ndicho ufunguo wa insha hii. Opus 127 ilipigwa mara ya kwanza tarehe 6 Machi 1825 na kundi la Ignaz Schuppanzigh, baada ya mazoezi machache, na haikufanikiwa. Beethoven alimkabidhi kazi hiyo mpigaji mwingine wa fidla, Joseph Böhm, kijana aliyekuwa na nidhamu. Böhm alisimulia baadaye kwamba Beethoven alikuja mazoezini, akakaa akifuata mienendo ya pinde kwa macho, na kwa kutazama tu aliweza kutambua mahali mwendo ulipoyumba. Karibu na mwisho wa kwateti kulikuwa na agizo la kupunguza mwendo. Böhm aliona kwamba kupunguza kunaudhoofisha mwisho, akawaambia wenzake waendelee na mwendo uleule. Beethoven alikuwa amejikunyata pembeni. Hakusikia kitu, lakini aliona. Walipomaliza alisema iachwe hivyo, akaenda kwenye vinara vya nota na kulifuta agizo lile katika karatasi zote nne.

Tukitafakari kisa hiki tunaona mambo mawili. Kwanza, wazo la mabadiliko lilitoka kwa mpigaji. Pili, mkono ulioyafanya ulikuwa wa mtunzi. Böhm hakuibadilisha kwateti, alipendekeza kwa kupiga. Aliyeibadilisha ni Beethoven, naye hakuona aibu kukubali wazo la kijana.

Hatua ya nne ilikuwa uchapishaji. Hata hapa Beethoven hakuwa mtu wa kuachia karatasi zake zitoke kabla hajaridhika. Mfano ulio wazi unatoka ujanani mwake. Mwaka 1799 alimpa rafiki yake Karl Amenda nakala ya kwateti moja ambayo sasa inajulikana kama Opus 18 namba 1. Miaka miwili baadaye, mwaka 1801, alimwandikia Amenda asimpe mtu mwingine nakala ile, kwa maana alikuwa ameibadilisha sana, na ni wakati huo tu ndipo alipojifunza kuandika kwateti ipasavyo. Nakala zote mbili zipo hadi leo na wanafunzi wa muziki huzilinganisha. Kwa hiyo tabia ya kurudi nyuma na kuifanya upya kazi iliyokwisha haikuanza mwaka 1826. Alikuwa nayo tangu mwanzo.

Usiku wa tarehe 21 Machi 1826

Sasa tuje kwenye Opus 130. Kwateti hii ina sehemu sita, ilhali kawaida ilikuwa nne. Sehemu ya tano inaitwa Cavatina, ni ya polepole, na Holz alisimulia kwamba Beethoven aliiandika huku akitokwa na machozi. Baada ya Cavatina ilikuja sehemu ya sita, fyuga kubwa. Fyuga ni namna ya utunzi ambapo sauti moja huanza na wazo, nyingine hulidaka, kisha ya tatu na ya nne, zikifukuzana bila kupumzika. Fyuga hii ilikuwa na vipimo 741 na huchukua takriban robo saa kuipiga. Sauti zake hugongana kwa ukali ambao masikio ya wakati ule hayakuuzoea, na mpaka leo wapigaji huihesabu miongoni mwa kazi ngumu kabisa za kwateti.

Tarehe 21 Machi 1826 kundi la Schuppanzigh liliipiga kwateti yote mjini Vienna. Wasikilizaji walizipenda sehemu mbili fupi, ya pili na ya nne, hata wakataka zirudiwe. Fyuga hawakuielewa. Mwandishi mmoja wa gazeti la muziki la Leipzig aliandika kwamba kwake ilikuwa kama Kichina. Beethoven mwenyewe hakuwemo ukumbini. Alisubiri habari katika nyumba ya vinywaji jirani, na alipoambiwa kwamba watu walitaka zile sehemu fupi zirudiwe wala si fyuga, alikasirika na kuwatukana wasikilizaji hao.

Hasira hiyo ni ushahidi muhimu. Mwezi Machi Beethoven aliiamini fyuga yake. Mtu anayesema kwamba aliiondoa kwa sababu yeye mwenyewe aliiona mbovu lazima aeleze hasira hiyo ilitoka wapi.

Mchapishaji na ombi lake

Haki za kuchapisha Opus 130 zilinunuliwa na Matthias Artaria wa Vienna kwa dukati 80. Artaria alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba wanunuzi wengi wa nota za kwateti walikuwa watu wanaopiga nyumbani kwao jioni. Watu hao wasingeiweza fyuga ile.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuagiza fyuga igeuzwe kuwa ya piano, ipigwe na watu wawili kwenye piano moja. Kazi hiyo alipewa Anton Halm. Halm alipomaliza, Beethoven hakuridhika. Halm alikuwa amezikata njia za sauti na kuzigawanya upya ili mikono ya wapigaji isigongane, na kwa Beethoven huko kulikuwa kuharibu fyuga yenyewe, maana fyuga ni njia za sauti. Kwa hiyo aliketi akaifanya kazi hiyo mwenyewe, ikatoka kama Opus 134. Karatasi zake za kazi hiyo zilipotea machoni pa watu kwa miaka mingi, hadi mwaka 2005 zilipopatikana katika maktaba ya chuo kimoja cha dini huko Pennsylvania, Marekani. Zina kurasa 80, zimejaa mafuto, mabaka ya wino na mahali palipokwanguliwa mpaka karatasi ikatoboka. Mtu asiyeithamini kazi haikwangui hivyo.

Hatua ya pili ya Artaria ilikuwa nzito zaidi. Alimtuma Holz amwombe Beethoven aandike mwisho mwingine, na fyuga ichapishwe peke yake kwa malipo ya ziada. Holz alisimulia kwamba Beethoven aliomba muda wa kufikiri, na siku iliyofuata akapeleka barua ya kukubali. Marafiki walikuwa wametarajia vita. Vita havikutokea.

Majira hayo yalikuwa mabaya kwake. Kiangazi cha 1826 mpwa wake Karl, aliyekuwa akimlea, alijaribu kujiua akanusurika. Mwisho wa Septemba Beethoven na Karl waliondoka Vienna kwenda Gneixendorf, kwenye shamba la Johann, ndugu yake Beethoven. Huko alimaliza Opus 135, na mwezi Novemba akamaliza mwisho mpya wa Opus 130. Mwanzoni mwa Desemba alisafiri kurudi Vienna katika baridi, akaugua, na hakupona. Alifariki tarehe 26 Machi 1827. Sehemu ile mpya ndiyo kazi kubwa ya mwisho aliyoikamilisha. Ilipigwa mbele ya watu mwezi Aprili 1827, yeye akiwa kaburini. Fyuga nayo ilichapishwa mwaka huohuo kama Opus 133.

Fedha au sanaa?

Wanahistoria na wapigaji wamegawanyika. Kundi la kwanza husema Beethoven alishindwa na soko. Hoja zao ni nzito: alihitaji fedha, Galitzin alikuwa halipi, Karl alihitaji kutunzwa, na malipo ya ziada yalitolewa. Aliyeanzisha wazo la kubadilisha alikuwa mchapishaji, hakuwa mtunzi. Watu wa kundi hili hutaka Opus 130 ipigwe pamoja na fyuga, kama ilivyosikika usiku ule wa Machi.

Kundi la pili husema Beethoven alikubali kwa hiari. Wanauliza: mtu ambaye hakuwahi kuwaogopa wafalme angeogopa mchapishaji? Kama angekataa, Artaria angefanya nini, hali haki alikuwa ameshazilipia? Wanasema mtunzi aliona kwamba fyuga ilikuwa nzito mno, ikizilalia sehemu tano zilizotangulia kama mti ulioangukia kibanda.

Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanauliza swali kana kwamba fedha na sanaa haziwezi kukaa chumba kimoja. Lakini zilikaa pamoja tangu barua ya Galitzin. Bila dukati 50 kwa kila moja, huenda kwateti hizi tatu zisingaliandikwa kabisa. Kwa hiyo kujua kwamba alilipwa hakutuambii alifanya kazi gani. Inatupasa tuitazame kazi yenyewe.

Nimejaribu kufanya hivyo kwa kusikiliza rekodi zote mbili na kufuata nota kwa msaada wa mwenzangu anayesoma muziki. Jambo moja lilitushangaza. Cavatina inaishia katika ufunguo wa E-bemoli. Fyuga inafuata kwa kuanza na nota ya G, ikipigwa na vyombo vyote vinne kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Mwisho mpya nao unaanza na nota ya G ileile, lakini inapigwa na viola peke yake kwa sauti ya chini, ikiruka juu na chini kati ya G mbili. Maana yake ni kwamba Beethoven hakuchukua kipande chochote akakibandika. Alirudi mahali palepale alipokuwa ameunga, akatumia nota ileile, akafungua mlango uleule kwa mkono mwingine. Tena sehemu hiyo ina karibu vipimo 500. Mtu anayetaka kumridhisha mchapishaji tu angeandika vipimo mia mbili na kupokea fedha zake.

Jambo la pili ni kwamba fyuga haikutupwa. Ilipewa namba yake, ikapewa toleo lake la piano lililoandikwa na mtunzi mwenyewe, na ikatolewa kwa heshima ya Rudolph, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, aliyekuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo ombi la Artaria lilikuwa na pande mbili, na inawezekana upande wa pili ndio uliomshawishi Beethoven. Hakuambiwa aifute fyuga. Aliambiwa aipe nyumba yake. Fyuga iliyokuwa mkia wa kwateti ikawa kiumbe kinachosimama peke yake. Mtunzi anaweza kukataa kukata kazi yake na bado akakubali kuitenganisha.

Jambo la tatu linaturudisha kwa Böhm. Agizo lililofutwa mazoezini mwaka 1825 na fyuga iliyoondolewa mwaka 1826 hazilingani kwa ukubwa, lakini utaratibu ni mmoja. Mtu mwingine anaona tatizo. Mtunzi anatazama, anafikiri, anaamua, na anaandika kwa mkono wake. Halm alipoitengeneza fyuga kwa mkono wa Halm, Beethoven alikataa. Kumbe alichokilinda hakikuwa kila nota aliyoiandika, bali haki ya kuwa yeye ndiye anayeibadilisha.

Hata hivyo sitaki kufanya hoja yangu iwe safi kupita ukweli. Ile hasira ya mwezi Machi bado ipo. Inawezekana kabisa kwamba mtu mwenye umri wa miaka 55, mgonjwa, mwenye huzuni ya mpwa wake, alichoka kupigana. Mwenye kuchoka naye huweza kufanya kazi nzuri. Uzuri wa mwisho mpya hauthibitishi kwamba moyo wake ulitulia alipokubali. Unathibitisha tu kwamba baada ya kukubali hakulegea.

Hitimisho

Nilianza na mabishano ya kwaya yetu. Wenzangu wanaosema kwamba wimbo uliotolewa umeshatolewa wana haki moja: walishaukariri, walishaupenda, na kwao wimbo wa kwanza ndio wimbo. Wasikilizaji wa fyuga leo wana haki hiyohiyo, ndiyo maana makundi mengi ya kwateti sasa hurekodi miisho yote miwili na kumwachia msikilizaji achague. Jambo hilo lisingewezekana kama Beethoven angeichoma fyuga yake, au kama Amenda angeitupa nakala ya zamani.

Hapo ndipo naona funzo kwa sisi tunaosoma historia. Tumezoea kutafuta toleo la mwisho la kila kitu, tukidhani ndilo la kweli, na yaliyotangulia ni takataka. Kisa cha Opus 130 kinaonyesha kwamba rasimu, karatasi za mazoezi na toleo lililokataliwa ni ushahidi ulio sawa na kitabu kilichochapishwa. Bila karatasi hizo tungebaki na hadithi ya mzee mkaidi aliyeshindwa na mfanyabiashara, au hadithi ya bingwa asiyekosea. Kwa kuwa karatasi zipo, tunamwona mtu aliye kazini.

Watunzi wa nchi zetu nao wanafuta, wanaongeza na kubadilisha kila wiki katika kumbi za kwaya, na karatasi zao za kwanza huishia kufungia maandazi. Siku moja mwanafunzi atataka kuandika insha kama hii juu ya mmoja wao. Tangu nilipoanza kusoma kwa ajili ya kazi hii, mtunzi wetu akituambia tuiweke kando karatasi ya kwanza, mimi huiweka kando kweli: ndani ya faili, na tarehe juu yake.